Hatifungani ya miaka 20 na deni la trilioni 107: serikali inaweza kushindwa kutulipa?

MamaDagaa_Kibirizi:

Wakuu za jioni. Mimi nauza dagaa hapa Kibirizi Kigoma, wateja wangu wakubwa ni Wakongo na Warundi wanaovuka na boti, wengine humu mnanijua. Msimu umeniendea vizuri nimebakiwa na hela ambayo sitaki kuirudisha yote kwenye mzigo, maana tangu waanze utaratibu wa kufunga ziwa watu wasivue unajikuta miezi mitatu umekaa tu unakula mtaji. Sasa kuna kijana wa benki kanishauri ninunue hatifungani ya serikali ya miaka 20, yani naikopesha serikali, riba inaingia kila miezi sita, na kwamba ni salama kuliko kitu chochote kwa sababu serikali haifilisiki.

Hapo kwenye "haifilisiki" ndo nimekwama. Nilisikia bungeni deni la serikali lilikuwa trilioni 107.7 mwezi Machi 2025, na bajeti nzima ya 2025/26 ni trilioni 56 na ushee, yani hata tukisimamisha kila kitu, mishahara, dawa, barabara, tukalipa deni peke yake, tungekaa karibu miaka miwili hivyo hivyo. Halafu Warundi nawaona kila siku, mtu anashuka na mabunda ya faranga kwenye sandarusi anahangaika kutafuta dola, bei ya benki kwao nyingine ya mtaani nyingine kabisa, na mafuta ya gari Bujumbura ni foleni. Na wao si wana serikali? Halafu nasikia kuna kampuni za Wazungu zimetupa sisi B1, hiyo B1 ni nzuri au mbaya? Na ile reli ya Tabora mpaka huku kwetu inajengwa kwa hela ya nani? Naombeni majibu ya watu wazima, siasa pelekeni jukwaa lingine.

Mwana_Kaliua:

Dada hiyo ya B1 niachie mimi mkulima wa tumbaku. Ukipeleka belo la tumbaku sokoni pale AMCOS, chama chetu cha ushirika, anakuja mteuzi, anapapasa jani, anaangalia rangi, anabandika daraja, na hilo daraja ndo linaamua kilo utalipwa dola ngapi. Hata kama umelima kwa jasho la damu yeye hajali, anaangalia jani. Na nchi zina wateuzi wao, Moody's, Fitch na S&P. Kwa Moody's juu kabisa ni Aaa, inashuka Aa, A, Baa, ukivuka hapo unaingia Ba, B, Caa kwenda chini, na huko chini ya Baa mifuko mingi mikubwa ya pensheni ya Ulaya na Marekani kanuni zao zinawabana wasinunue, kwa hiyo wanaobaki kukukopesha ni wale wanaotaka riba ya kukamua. Sisi tulipimwa B1 mwaka 2018, Agosti 2020 wakati wa korona wakatushusha B2, Machi 2024 wakaturudisha B1. Fitch wametupa B+ ambayo ni ngazi ile ile. Sio jani la kutupa, ila sio la kwanza.

Kitu ambacho watu hawakisemi ni kwamba daraja linaweza kubaki lile lile bei ikabadilika, wakulima wenzangu wanalijua hili vizuri sana. Benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri Machi 2022 mpaka 5.25 hadi 5.5 Julai 2023. Sasa wewe mwenye hela New York, kama serikali ya Marekani inakupa asilimia 5 bila presha, utaikopesha Kenya kwa 7 ya nini? Kenya 2014 walikopa Yurobondi, yani hatifungani ya dola inayouzwa nje, ya miaka kumi kwa riba 6.875. Ilipokaribia kuiva, Februari 2024 ikabidi wakope nyingine ya kuilipia ile ya zamani, safari hii kwa 9.75. Deni ni lile lile, limevaa nguo mpya ya bei ghali. Na miezi michache baadaye mliona Nairobi Juni 2024, vijana barabarani kwa ajili ya muswada wa kodi, serikali ikaufuta, Moody's wakaishusha Kenya mpaka Caa1 mwezi Julai. Ukipandisha kodi wananchi wanakuwakia, usipopandisha wateuzi wanakushusha.

Msema_Ovyo_Ujiji:

Mnamjaza dada wa watu maneno. Kila bajeti tunaambiwa deni ni himilivu, yani linabebeka, himilivu, himilivu, nani aliwahi kusimama akasema deni si himilivu? Msumbiji hapo chini walikuwa wanaambiwa hivyo hivyo. Wakakopa zaidi ya dola bilioni 2 miaka ya 2013 na 2014, nyingine ya kununua boti za kuvulia jodari, dola milioni 850 hiyo peke yake, bunge lao halijui, na mikopo mingine hata Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, hawajui. Ilipobumbuluka 2016 wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu ikaporomoka, Januari 2017 wakashindwa kulipa. Waziri wa fedha aliyesaini dhamana, Manuel Chang, alikamatwa Johannesburg 2018 na mahakama ya New York ikamtia hatiani 2024. Sisi watu wa ziwani boti tunazijua, mtu akikwambia boti za uvuvi zina thamani ya dola milioni 850 unacheka. Wenzetu walisaini.

Senegal nao juzi tu, serikali mpya imeingia 2024 ikakuta vitabu vimechezewa, deni la kweli ni kubwa kuliko walilokuwa wanatangaziwa watu. Kwa hiyo dada hizo trilioni 107 ni zile unazoambiwa. Kanunue kiwanja Mwandiga ulale usingizi.

Mhasibu_Cheyo:

Msema Ovyo leo umesema la maana ila umemalizia vibaya, kiwanja nacho kina hatari zake na mahakama ya ardhi imejaa. Mimi ni mhasibu mstaafu nipo Tabora, ngoja nieleze taratibu maana dada ameuliza jambo la msingi na humu majibu yanaruka ruka.

Dada, kujumlisha deni lote ukaligawa kwa bajeti hakukusaidii sana kwa sababu deni lote halidaiwi mwaka mmoja. Swali la kwanza ni unadaiwa kwa hela gani. Katika hizo trilioni 107.7, kama trilioni 73 ni deni la nje na trilioni 34.8 hivi ni la ndani. Hilo la ndani ni kwa shilingi, na ndo hatifungani unayotaka kununua wewe. La nje linataka dola, euro, yuan, na serikali haichapishi dola. Ndo maana hao Warundi wako unaowaona wanahangaika, mafuta hayanunuliwi kwa faranga. Na angalia kitu kimoja: mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa 2,300 na ushee, 2024 ikagusa 2,700. Fedha za nje zikipanda asilimia 10 tu dhidi ya shilingi, hilo deni la nje linavimba kwa zaidi ya trilioni 7 ukilihesabu kwa shilingi, na hapo hujakopa hata senti, hujajenga hata kalavati. Ndo maana ukiona benki kuu inanunua dhahabu kwa wachimbaji ujue wanajaza ghala la akiba.

Swali la pili ni nani anakudai na kwa masharti gani. Hapa ndo Tanzania tulipona, na nasema tulipona kwa sababu sijui kama ilikuwa akili au bahati. Sehemu kubwa ya deni letu la nje ni kwa mashirika kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, muda mrefu, riba ya chini. Hatukuingia kwenye Yurobondi kama majirani. Tulijaribu kitu kinachofanana 2013, dola milioni 600, riba ya kupanda na kushuka kufuata soko la London, tena yenyewe ikaishia mahakamani Uingereza 2015 kwa sababu ya ile ada ya dola milioni 6 iliyopita mlango wa pembeni, benki iliyohusika ikapigwa faini na Tanzania ikarudishiwa kama dola milioni 7. Baada ya hapo tukawa waoga. Wakati ule wachumi wa mjini walitucheka kwamba tumelala, Zambia 2012 wamepata dola milioni 750 kwa riba ya 5.375 na wakopeshaji wanagombania foleni. Wakanogewa, wakarudi 2014, wakarudi 2015, jumla dola bilioni 3, kila wakirudi riba iko juu, ya mwisho karibu asilimia 9. Shaba ikashuka, ukame ukapiga umeme, korona ikamalizia. Oktoba 2020 ilitakiwa walipe riba ya dola milioni 42.5, siku za nyongeza zikaisha Novemba wakashindwa. Milioni 42.5 tu! Ikawachukua mpaka Juni 2024 kumalizana na wenye hizo bondi, kwa sababu wanaodai ni wengi, huyu China, huyu Paris, huyu mfuko wa London, na kila mmoja hataki kupunguza deni kabla hajaona mwenzake amepunguza.

Sasa swali lako lenyewe, serikali inaweza kushindwa kumlipa mtu wa ndani? Inaweza. Huyo kijana wa benki amekudanganya, labda bila kujua. Ghana Desemba 2022 waliwaita wenye hatifungani za ndani wakawaambia rudisheni karatasi zenu tuwape nyingine, riba iliyokuwa inakaribia asilimia 20 ikawa kama nusu yake, muda ukasogezwa mbele miaka. Mfumuko wa bei mwezi huo ulikuwa asilimia 54. Februari 2023 wastaafu walikwenda kukaa nje ya wizara ya fedha Accra na mabango, wazee wa watu, mpaka jaji mkuu mstaafu Sophia Akuffo akaja akakaa nao. Wastaafu mmoja mmoja wakaachiwa mwishoni, mabenki ndo yakabeba mzigo. Lakini Zambia katika shida zao zote hawakugusa hatifungani za ndani. Kwa hiyo usiniulize kama serikali hulipa au hailipi, uliza ikibanwa itamgusa nani kwanza. Ghana deni la ndani lilikuwa kubwa mno na ghali mno, usingeweza kupunguza mzigo bila kuligusa.

MamaDagaa_Kibirizi:

Shikamoo mzee Mhasibu. Umenifungua macho na umenitisha hapo hapo 😅 Sasa kwetu huku uko upande wa Ghana au wa Zambia?

Mhasibu_Cheyo:

Marahaba binti yangu. Kwa namba zinazotangazwa hatuko popote karibu na Ghana. Wanapopima deni la nchi kama yetu hawaangalii tu jumla, wanalishusha kwenye thamani ya sasa, yani malipo yote ya mbele yakihesabiwa kwa hela ya leo, wakalilinganisha na pato la taifa, kwetu linakuja karibu asilimia 40 na ukomo ni 55, na IMF wametuweka kwenye hatari ya wastani. Mfumuko wa bei 2025 umekaa kwenye asilimia 3 na kitu. Ila hapo kwenye wastani usisome kama "hakuna shida".

Mimi kinachonikosesha raha ni kwamba dunia iliyotupa ile mikopo laini inaondoka. Mchina alikopesha Afrika kwa wingi mpaka kilele 2016, baada ya hapo amefunga mkono sana. Marekani 2025 wamefunga USAID, shirika lao la misaada, na ile hela ilikuwa haihesabiwi kwenye deni lakini ilikuwa inanunua dawa, sasa dawa lazima zinunuliwe na mtu. Mkopo laini ukipungua serikali ina njia mbili, iende kwenye mabenki ya biashara ya nje kwa riba ya soko, au ije kukopa kwako wewe muuza dagaa. Ndo maana unaona siku hizi hatifungani zinatangazwa mpaka redioni.

Kijana_wa_Gungu:

Mimi naomba mnisaidie kitu kimoja, mbona Marekani wanadaiwa zaidi ya dola trilioni 36 na hakuna anayewatisha? Japani deni lao ni zaidi ya mara mbili ya pato lao. Sisi asilimia 40 tunaitwa hatari ya wastani. Huu si ubaguzi tu?

Mwana_Kaliua:

Wanashushwa nao dogo. S&P waliitoa Marekani daraja la kwanza Agosti 2011, Fitch Agosti 2023, Moody's wakamalizia Mei 2025. Tofauti ni kwamba walipiga kelele siku mbili wakaendelea kuuza karatasi zao kama kawaida, kwa sababu wanadaiwa dola na dola ni yao. Japani wanadaiwa yeni na wanaowadai ni Wajapani wenyewe na benki kuu yao. Wewe unadaiwa hela ya mtu mwingine.

Ila kuhusu ubaguzi hujakosea moja kwa moja. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, 2023 walitoa ripoti kwamba Afrika inapoteza kama dola bilioni 74.5 kwa sababu upimaji unategemea sana mtazamo wa mpimaji, riba tunazotozwa za ziada pamoja na mikopo tunayonyimwa. Umoja wa Afrika wanataka kuanzisha kampuni yetu ya kupima. Mimi sipingi, ila mteuzi ukimtoa ndani ya AMCOS yako mwenyewe akakupa daraja la juu, mnunuzi atakuja na wa kwake tu.

Msema_Ovyo_Ujiji:

Hapo kwa mteuzi wa ndani nimekuelewa mkuu 😂😂

Ila reli hamjajibu.

Saluni_ya_Uvinza:

Reli mimi najibu, tunaishi nayo, vijana wa huku kadhaa wamepata vibarua. Kipande cha Tabora–Kigoma ni kilomita 506, mkataba ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni mbili za Kichina, CCECC na CRCC, dola bilioni 2.2. Hela Benki ya Maendeleo ya Afrika ndo wanaongoza kuikusanya, na Desemba 2023 walipitisha karibu dola milioni 696 kwa ajili ya Tanzania na Burundi pamoja, kwa sababu kutoka hapa kwetu Uvinza inachepuka kwenda Musongati Burundi kwenye madini ya nikeli. Sehemu ya Burundi wamepewa kama ruzuku, sehemu yetu ni mkopo na dhamana. Soma tena hapo: jirani aliyekwama anapewa bure kwa sababu ukimkopesha unajua hatalipa, wewe unayelipa unakopeshwa. Sijui nicheke au nilie.

Kule mwanzo Dar mpaka Makutupora waliingia mabenki ya biashara, Standard Chartered waliongoza mkopo wa dola bilioni 1.46 mwaka 2020, Denmark na Sweden wakaweka dhamana. Kwa hiyo reli moja ila kila kipande kina mwenye hela wake na masharti yake.

Mimi naipenda hii reli nisiseme uongo. Treni ya zamani ukitoka Kigoma kwenda Dar unalala njiani, na masika tuta likiliwa na maji mnasubiri porini. Ila mkopo wa dola unalipwa kwa dola, na abiria wa Uvinza analipa nauli ya shilingi. Hesabu inakubali tu kama mzigo wa Kongo na Burundi unapita hapa, shaba, nikeli, mafuta, saruji, watu wa nje walipe kwa fedha za nje. Mzigo ukienda njia ya reli ya Lobito kule Angola sisi tutabaki na reli nzuri ya kwendea harusini.

Kijana_wa_Gungu:

Lobito ni mbali na Kalemie kule Kongo ng'ambo ya ziwa, mzigo wa Kalemie lazima uvuke ziwa uje huku.

Saluni_ya_Uvinza:

Uvuke na nini dogo? Meli ziko wapi? Bandari ikikaa kama ilivyo sasa treni itafika Kigoma isubiri mzigo uliokwama ng'ambo.

MamaDagaa_Kibirizi:

Hapo kwenye meli mnanigusa mimi lakini tusitoke nje ya mada 😂 Mzee Mhasibu, ungekuwa wewe ungenunua?

Mhasibu_Cheyo:

Mimi ninazo, sikufichi, ila sio zote za miaka 20 na sio hela yangu yote. Sasa kwa biashara yako ya ziwa, hela unayoweza kuihitaji ndani ya mwaka usiipeleke huko kabisa, iweke kwenye dhamana za muda mfupi, zile za siku 364 na kushuka, kianzio ni laki tano. Hatifungani zenyewe zinaanzia miaka 2, kianzio milioni moja. Unafungua akaunti ya CDS, ile inayotunza kumbukumbu za hatifungani zako, kupitia benki au dalali wa hisa, kitambulisho cha NIDA mkononi, minada huwa Jumatano.

Na kingine binti yangu, wewe unapokea dola za Wakongo. Usizibadilishe zote ukaziweka kwenye karatasi ya shilingi ya miaka 20. Serikali kushindwa kukulipa kwa shilingi ni vigumu kutokea maana inaweza kubana huku ikakopa kule ikakulipa, ila shilingi yenyewe kunyauka taratibu wakati wewe unapokea riba yako vizuri kila miezi sita, hiyo haihitaji mtu yeyote atangaze kushindwa.

MamaDagaa_Kibirizi:

Asante sana mzee. Na nikinunua halafu mwaka wa tatu nikapata shida, naweza kuiuza?

Mhasibu_Cheyo:

Unaweza, kupitia soko la hisa Dar, dalali wako anakutafutia mnunuzi. Ila bei haiko mkononi mwako. Mwaka 2022 walishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 20 kutoka 15.49 mpaka 12.10. Waliokuwa nazo za zamani wakachekelea, kila mtu anazitaka, wanauza juu ya bei waliyonunulia. Baadaye riba zikapanda tena, basi yule aliyenunua ya 12.10 akitaka kuuza anaambiwa punguza, nani atachukua ya kwako na mpya zinalipa zaidi? Serikali haijamkosea hata senti moja, riba yake inaingia kama kawaida, lakini aliyekuwa na haraka aliuza kwa hasara. Ndo maana nikakwambia angalia kwanza hela ya boti na ya ada za watoto iko wapi, kitakachobaki ndo uende nacho mnadani. Ukishapata fomu ya CDS niandikie pembeni nikuonyeshe pa kujaza, wengi wanakosea kwenye kipengele cha bei.